Siku Maxine Alipopanda Bampa

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama kando ya barabara kuu, tangi la choo la trela limepasuka, viatu vyangu vimelowa kwa kitu nisichotaka kukitaja hapa, na mume wangu Lowell ananiambia, "Shukuru, mama. Bati halijakwaruzika."

Viatu nilivitupa palepale. Mume sikumtupa, na ndiyo maana leo nina ya kusimulia.

Kama gazeti hili umelinunua leo tu, nisikuache gizani. Mimi ni Ardith Hostetler, mpishi mstaafu wa shule, wa hapahapa kaunti ya Elkhart. Nimekaa jikoni maisha yangu yote. Uchafu naujua kwa harufu kabla sijauona kwa macho.

Lowell naye alikuwa kiwandani, akiunda matrela ya kulala, vile vinyumba vinavyokokotwa na pikapu. Yale ya kisasa, ya gundi na pini. Alistaafu akiona aibu. "Nimewauzia watu maboksi," ndivyo alivyoniambia. Basi akaenda kwenye banda la mkulima mmoja, akarudi na trela la mwaka sitini na nne, la alumini tupu, linaitwa Marlindale. Akaapa kwamba hilo lilijengwa na watu waliojua kazi.

Walijua kazi! Tulipobandua ukuta wa ndani tulikuta mifupa ya kuku. Chakula cha mchana cha fundi, kimefungwa kwenye karatasi yake ya mafuta, kikazibiwa humo na bati juu. Pembeni kulikuwa na mstari mzima wa matundu ya ribiti, vile vipini vya kushikiza bati, na ribiti hakuna hata moja. Fundi alikula, akajifuta mikono, akafunika, akaenda zake nyumbani.

Sasa Lowell anataka tuuze nyumba, tukaishi ndani ya kitu hicho na kuzunguka nacho nchi nzima. Nyumba niliyomlelea binti yetu Janelle! Vijana wawili waliooana juzi wanaitaka, na wanangoja jibu letu Jumatatu.

Tuligombana mpaka majirani wakafunga madirisha. Mwishowe tukakubaliana hivi. Tutalipeleka trela kwenye mkutano wa chama cha matrela ya zamani, kwenye ziwa moja kule Michigan. Chama kikilipokea, nyumba inauzwa. Kikilikataa, linauzwa trela, na nisisikie tena neno alumini mpaka naingia kaburini.

Nilikubali haraka mpaka Lowell akashangaa. Hakujua kwamba siku moja kabla nilikuwa nimechukua kisu cha siagi, nikainama chini ya kitanda cha nyuma, nikakichoma sakafuni. Kilizama mpaka mpini, kama ninachoma keki.

Basi ndiyo tukafika.

Jumamosi ya mkutano ni siku ya milango wazi. Kila mwenye trela anafungua mlango, na watu wanaingia tu. Wanavuta droo, wanabonyeza magodoro, wanajilaza kitandani kwako na viatu vyao. Hodi hakuna.

Kwa nje, sikatai, letu lilikuwa linang'aa. Lowell alilisugua kwa polishi majira yote ya baridi, mpaka ungeweza kujitia wanja kwa kujitazama ubavuni mwake. Watu walipita wakisema "Loo! Loo!" na yeye amesimama pale na kitambaa chake begani, kifua mbele.

Halafu jua likapanda, bati likapata moto, na harufu ikaamka.

Jamani! Mkojo wa panya wa miaka hamsini na zaidi, ukishapashwa moto, unaingia puani, unashuka kooni, unakaa juu ya ulimi. Changanya na sufi ya kuzuia baridi iliyooza ndani ya kuta zote nne. Changanya na kile kilichobaki cha tangi la choo. Nikashika ukingo wa sinki.

"Lowell," nikamwita, "hebu njoo unuse humu."

"Nimeshanusa."

"Unasikia nini?"

"Lavenda."

"Lavenda umeipuliza wewe asubuhi. Chini ya hiyo lavenda unasikia nini?"

Akafumba macho, akavuta pumzi taratibu kama mtu anayeonja mchuzi. "Zamani," akasema.

Nikatoka nje nikatema mate.

Niliporudi nilikuta mama mmoja mwenye kofia pana amesimama karibu na kitanda, anasifia mapazia niliyoyashona mwenyewe. Akapiga hatua moja kuelekea dirishani. Kraa! Mguu ukapitiliza sakafu mpaka gotini.

Nikasema, Mungu wangu, leo tunashtakiwa.

Kutoka kwenye lile tundu wakaanza kutoka sisimizi weusi, wakubwa, wa kula mbao, wakimpanda yule mama kwenye soksi. Mimi nimeshikwa na kinyaa, mwili unasisimka. Yeye je? Akapiga kelele za furaha!

"Hapohapo! Hata letu lilitobokea hapohapo! Baba Gerald, njoo uone!"

Mumewe akaja mbio, akapiga magoti, akaingiza mkono ndani ya lile tundu bila hata glavu, akatoa donge la mbao nyeusi lenye majimaji. Akalinusa. Akampa Lowell, naye akalinusa.

"Plaiwudi ya asili," akasema yule baba.

"Ya asili kabisa," akajibu Lowell, amefurahi kama aliyepewa mjukuu ambebe.

Kabla sijafunga mdomo watu saba walikuwa wamejaa humo ndani kulitazama tundu, kila mmoja anaeleza la kwake lilivyooza, la nani liliota ukungu zaidi, nani alikuta nyoka. Wanacheka, wanapigana mabega. Mimi katika jiko langu la shule nilishawahi kutupa sufuria nzima ya mchuzi kwa sababu ya nzi mmoja. Nikajiuliza hawa ni watu gani.

Ndipo akaingia Maxine Ostrander. Trela likainama upande mmoja.

Maxine ndiye mwenyekiti wa chama. Mwanamke wa kilo mia na kumi, na hazifichi, anazitangaza. Nywele nyeupe, mdomo mwekundu, mikono kama ya muuza nyama. Akawatoa wote nje kwa kupiga makofi mara mbili.

"Saa tisa nakuja kupanda," akaniambia.

"Kupanda nini?"

"Bampa lenu, dada yangu. Kwani mzee hajakueleza?"

Hajanieleza. Maxine akakaa kwenye kiti changu, akanieleza yeye. Bati la trela limefungwa juu ya chasisi, ule mfupa wa chuma wa chini, na bampa la nyuma liko kwenye chasisi. Matrela haya huanza kuoza mkiani, maji yakishaingia. Sasa mtu mzito akiruka juu ya bampa, chasisi inashuka. Kama bati bado limeshikamana nayo, vinashuka pamoja. Kama vimeachana, bati linabaki juu na pengo linafunguka.

"Na pengo likifunguka?" nikauliza.

"Basi, tena. Hatusemi kitu. Kila mtu anaondoka kimyakimya. Halafu tunawaletea mabakuli ya chakula, kama kwa wafiwa. Kesho yake mnafunga mnaondoka, hatuwaandiki."

"Na lisipofunguka?"

"Nawabandikia namba ya chama pale mbele, nyekundu. Mmekuwa wetu."

Nilitaka kumkumbatia. Kile kisu kilizama mpaka mpini! Alipotoka nilianza kuimba. Nikapanga nitakachopika siku nikirudi kwenye jiko langu mwenyewe, kwenye sakafu inayobeba mtu.

Nikamkuta Lowell nyuma, anafuta bampa lenyewe.

"Baba Janelle, likishindwa je?"

"Halishindwi."

"Nauliza tu. Likishindwa?"

Akaacha kufuta. Akakikunja kitambaa chake mara nne, kila kona juu ya mwenzake.

"Mimi miaka yote nilikuwa napiga pini mahali pa skrubu, Ardith, kwa sababu msimamizi alisema nani ataona. Nikawa najiambia zamani haikuwa hivi. Kulikuwa na watu waliokuwa wanajenga kweli." Akalitazama trela. "Likishindwa, basi hakuna aliyewahi kujenga kweli."

Huruma ikanipanda. Nikaimeza. Mtu anaweza kuwa na huruma na bado akataka nyumba yake.

Saa tisa watu wakajaa. Kulikuwa na trela letu na mengine mawili mageni, sisi ndio wa kwanza. Maxine akaja na viatu bapa vya kazi hiyo, akampa mtu glasi yake ya chai baridi amshikie. Watu wakapiga magoti kwenye majani, vichwa chini, macho kwenye ule mstari ambapo bati linakutana na bampa.

Mimi nilipiga magoti mbele yao wote.

"Tayari?" Maxine akauliza.

"Tayari!"

Akapanda. Akaruka. Trela likalia kwa uchungu kuanzia mkia mpaka pua. Bampa likashuka, na bati likashuka nalo. Likapanda nalo. Akaruka tena, na tena, matiti na mashavu yote yanaruka, na ule mstari umefumba kabisa.

"Zima!" Maxine akapaza sauti. "Zima kama yai!"

Makofi! Vigelegele! Watu wanamrukia Lowell, wanamkumbatia, na yeye amekaa chini kwenye majani amefunika uso kwa kile kitambaa, mabega yanatikisika.

Mimi nilibaki nimepiga magoti, nimepigwa na butwaa. Nyumba yangu imekwenda. Jiko langu limekwenda. Nitazeekea kwenye mkojo wa panya.

Lakini, wewe, mimi si mtoto. Sakafu inayopitisha kisu cha siagi haiwezi kushika chuma. Watu walipomzunguka Lowell, nikazunguka upande wa pili, nikapandisha gauni, nikalala kifudifudi nikaingia chini.

Sitawaeleza yote yaliyokuwa huko chini. Nitasema tu kwamba tangi la choo lilikuwa halijamaliza kuvuja. Tone moja liliniangukia shingoni likashuka ndani ya gauni, polepole. Nikauma meno. Nikajivuta kwa viwiko mpaka mkiani.

Na hapo nikaziona. Jiriwa mbili, zile za mafundi seremala za kubania mbao zilizotiwa gundi. Nyekundu, sawasawa na zile zilizojaa kwenye karakana yetu nyumbani. Moja kushoto, moja kulia, zimelibana bati na chasisi pamoja. Mpya, hazina hata vumbi.

Lowell! Ebo! Yule yule wa "watu waliokuwa wanajenga kweli"! Amenitapeli nyumba yangu, akatoa na machozi juu yake! Kinyaa cha panya nilikuwa nimekizoea. Hiki kilikuwa kipya, na kilinishika mahali pabaya zaidi.

Nikatoka kinyumenyume. Nilipoinua kichwa, Lowell huyo hapo, amesimama.

"Ardith! Ulikuwa unafanya nini huko chini?"

Gauni limejaa tope na grisi, magoti meusi. "Nimeangusha hereni," nikamwambia.

Sikumkabili pale. Nilitaka nimkabili mbele za watu, wakiwa wamekaa kwenye chakula cha jioni, kila mmoja na uma wake hewani. Nikaenda moja kwa moja kwa Maxine kumchongea.

Trela la Maxine ndilo linalotangulia kwenye kila picha ya chama. Mapazia ya pinki, zulia la pinki, vikombe vimepangwa. Nikaingia kwa kishindo.

"Usikanyage hapo!" akaniwahi. "Kanyaga kushoto. Hapo hakuna sakafu."

"Nini?"

"Zulia tupu. Kaa hapa. Mbona uko hivyo, umegongwa na gari?"

Nikamwambia yote. Jiriwa mbili, mpya, nyekundu. Mume wangu ni tapeli na nataka atangazwe leo hii.

Maxine akanitazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka vikombe vikagongana.

"Lowell hakuweka kitu, mwenzangu. Tumeweka sisi. Jana, mlipokuwa kwenye foleni ya tambi na viazi."

Nikakaa. Sikuangalia hata nakalia nini.

"Kila mgeni tunambania. Zamani tulikuwa tunapima kweli. Tuliwaangusha wote, maana yameoza yote. Wakauza. Wengine wakayapeleka kwenye vyuma chakavu. Tukabaki sita kwenye uwanja mzima, tunatazamana. Tukasema basi."

"Na mwenyewe asipojua?"

"Atajua siku moja akiingia chini. Lakini siku hiyo atakuwa ameshatuzoea. Ataguna, atacheka, na mwaka unaofuata atatusaidia kumbania mwingine."

"Na hili lako?"

Akafungua kabati la chini. Ukutani, kwenye ile mbao yenye unyevu, uyoga ulikuwa umeota kama masikio. Masikio ya rangi ya maziwa, yenye utelezi. Akaupapasa kwa kidole kama anayempapasa paka.

Nikajisogeza mbali na kabati.

"Na unalala humu?"

"Kama mtoto mchanga. Asubuhi nafungua mlango, ziwa lile pale, kahawa mkononi, jirani ananipungia. Na marehemu mume wangu tulilala kwenye kitanda kile kile mpaka pwani zote mbili, ya mashariki na ya magharibi. Sasa uyoga utanifanya nini, dada?"

"Mnachukiza," nikamwambia. "Nyote. Mnang'arisha nje, ndani funza watupu, halafu mnapigiana makofi. Jioni nitasimama juu ya meza niwaambie watu."

"Watu gani? Sote tunajua. Wasiojua ni wageni watatu tu, na mmojawapo ni mzee wako." Akafunga lile kabati. Hakuwa anacheka tena. "Kama ni yeye unayetaka kumwambia, nenda kamwambie."

Nikatoka. Na hapo nje kwenye jua, kidogo kidogo, furaha ikaanza kunijia. Lowell si tapeli! Nilikuwa nimemchafua bure moyoni. Na trela limeshindwa! Kwa haki kabisa limeshindwa. Neno ni neno, nyumba ni yangu. Namwambia pembeni, taratibu, tunafunga, tunakwenda zetu. Nitampikia. Nitamsikiliza. Atalia siku mbili, atapoa.

Nikaharakisha.

Nikawakuta wameshabandika namba pale mbele. Watu wamejaa na simu zao wanapiga picha. Na Lowell yuko nyuma, juu ya bampa, amesimama ameinua mikono yote miwili, mwanaume wa miaka sitini na minne ambaye hata kwenye harusi yetu hakucheza.

"Ruka, mzee! Ruka na wewe!" Walikuwa ni wale wageni wengine, wasiojua kitu.

"Hapana!" Maxine akapiga kelele nyuma yangu. "Lowell, shuka!"

Akaruka.

Mara ya kwanza haikuwa kitu. Mara ya pili chuma kikalia chini, kling! Mara ya tatu jiriwa ikaanguka kwenye majani mbele za watu wote, na ya pili ikaifuata, na bampa likashuka na Lowell juu yake na bati likabaki palepale lilipokuwa.

Pengo likafunguka. Na kutoka kwenye lile pengo kikamwagika kiota. Kiota cha panya cha vizazi na vizazi, sufi nyeusi iliyolowa, maganda ya njugu, vimifupa, vitu vyenye mikia, kikamwangukia Lowell juu ya viatu, na uvundo ukatufikia sote kwa pamoja. Mtoto wa mtu akaanza kulia. Yule mama wa kofia pana akageuka pembeni akatapika.

Nikaona watu wanaanza kurudi nyuma, mmoja mmoja, macho chini. Nilijua wanakwenda wapi. Wanakwenda kuchukua mabakuli.

Lowell akashuka. Akainama katikati ya ule uchafu, akaokota jiriwa. Akaigeuza, akaifungua, akaifunga. Uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi. Nikasema moyoni, haya Ardith, sasa. Huhitaji hata kusema. Trela limesema lenyewe.

Akainua macho akanitazama. Hakunitazama usoni. Alitazama gauni langu. Ile grisi. Magoti yangu.

"Hereni," akasema taratibu.

Mikono ikaniponyoka ikaenda masikioni. Hereni zote mbili zilikuwepo.

"Ni wewe?" akaniuliza.

Sikumwelewa.

"Ni wewe uliyeziweka, na baadaye ukarudi kuzikagua?" Akaja mpaka mbele yangu, ile jiriwa ameishika kwa mikono miwili. "Wewe, ambaye hata panya kwenye picha humtazami? Umetambaa chini ya kile kitu, kwenye mavi, ukalibana? Ili nisiaibike?"

Neno lilikuwa moja tu. Hapana. Mtoto wa miaka miwili anaweza kulisema.

Nikamtazama Maxine. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Wenzake wote waliobaki wanaangalia viatu vyao. Waoga wakubwa, hakuna hata mmoja aliyekohoa. Nikisema hapana, Lowell atauliza nani. Ataambiwa. Atajua kwamba hata lile la pinki lina uyoga, kwamba uwanja mzima ni makofi tu, na kwamba yule fundi wa mifupa ya kuku ndiye aliyeyajenga yote.

Nikanyamaza. Nilijichukia papo hapo, nikanyamaza.

Akanikumbatia, tope, grisi, matone ya choo na yote. Alikuwa ananuka polishi na panya.

"Miaka yote hii nilidhani unalichukia," akaniambia sikioni.

"Lowell, limeshindwa." Nikajitoa mikononi mwake. "Pengo umeliona. Tulikubaliana, likishindwa..."

"Pengo nitalifunga. Nitalijenga upya mimi mwenyewe, ribiti kwa ribiti. Pengo ni nini?" Akajifuta macho kwa kiganja. Alikuwa anacheka. Sijamwona anacheka hivyo tangu Janelle azaliwe. "Nilikuwa naogopa kukutoa kwenye nyumba yako kwa nguvu, Ardith. Nililala naogopa. Leo siogopi tena."

Akatoa simu mfukoni.

"Unampigia nani?"

"Wale vijana."

"Jumatatu, Lowell! Tulisema Jumatatu!"

"Tungoje nini tena?"

Simu ikaanza kuita, ameiweka sauti ya juu ili wote wasikie. Nikamshika mkono. Akadhani namshika kwa mapenzi, akaushika wangu, akavifungua vidole vyangu, akaiweka simu humo.

"Waambie wewe mwenyewe. Nataka nikusikie ukisema."

Ikaita. Bakuli la kwanza lilikuwa limeshafika, jeli ya kijani yenye karoti ndani, na aliyelibeba hakujua aliweke wapi, amesimama tu. Ikaita tena. Maxine akainua macho akanitazama, na akatikisa kichwa, hapana, hapana, kwa mara ya kwanza na kwa kuchelewa.

"Hallo?" Ilikuwa sauti ya yule msichana, amekata pumzi, kama aliyekimbia kutoka chumba kingine. "Hallo? Bi. Hostetler? Tuko hapa wote wawili, tunawasikiliza. Mmeamuaje?"